MBWA ANAPOKULA NYASI

Maneno ya mhamasishaji wa afya kwenye mkutano wa wakazi



Wengi mmeniuliza: mbwa akila nyasi, amepata kichaa? Hapana. Mbwa mzima hula nyasi, hata aliyeshiba. Mara nyingine hutapika kidogo, mara nyingi hatapiki, anaendelea na mambo yake. Msimpige mawe kwa sababu ya nyasi tu. Wanaosema ni dalili ya mvua, hilo nawaachia wenyewe.

Wasiwasi uanze akitapika mfululizo, akiharisha damu, akikataa chakula, au kama nyasi hizo ni za shamba lililopigwa dawa. Aitwe daktari wa mifugo.

Mwenye kichaa ni mwingine. Huyo anauma kila kitu: miti, mawe, udongo. Sauti imebadilika, mate yanamtoka, anapepesuka kama mlevi. Lakini yupo pia anayekaa kimya, taya limelegea, mdomo wazi, hawezi kumeza. Mtu anadhani mfupa umemkwama kooni, anatia mkono autoe. Jamani, msitie mkono! Ugonjwa umo ndani ya mate, na mchubuko mdogo unatosha kuupitisha.

Mbwa akikuuma, hata wa kwako, au akilamba kidonda chako, osha palepale kwa sabuni na maji ya kumiminika, dakika 15 kamili. Najua maji yetu ni ya foleni na sabuni ni ya mgao. Tumia hata ya kufulia, omba kwa jirani. Usiweke pilipili, mafuta wala jiwe jeusi. Kisha nenda zahanati siku ileile. Ukianzishiwa chanjo, rudi kila siku uliyopangiwa, hata kidonda kikipona. Dalili huweza kuchelewa miezi miwili au mitatu, na zikishaanza, mtu karibu hakika atakufa.

Watoto wakiumwa huficha, wanaogopa kuchapwa. Waambieni leo hii kwamba hawatachapwa.

Mbwa aliyeuma akionekana mzima, asiuawe. Afungwe, aangaliwe siku 10. Ninyi msingoje siku hizo ndipo mwende zahanati. Akifa au akibadilika, mjulisheni kiongozi wa kijiji na zahanati haraka, na mzoga usiguswe kwa mikono mitupu.

Sasa karibuni kwa maswali, tuanze na akina mama.