Karatasi za Hospitali Usizitupe
Baba na mama wa Lubumbashi, sikilizeni. Munganga alisema ni vidonda vya tumbo, kumbe ni kansa. Au alisema ni kansa, ukakatwa titi bure. Unaweza kudai fidia? Ndiyo. Sheria ya kiraia ya Kongo, kifungu cha 258, inasema: aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake, alipe. Kifungu cha 259 kinataja uzembe. Ila si kila kosa ni uzembe. Kansa yenyewe hujificha.

Kwa hiyo, ili kuonyesha uzembe, karatasi! Majibu ya labo, picha, risiti, vyote uviweke. Ukiombwa, toa kopi. Munganga mwingine akupime, aandike alichoona. Ndipo umuone avoka, muende tribinali. Karatasi kwanza, mama. Na kesi ikiendelea, matibabu usiyaache.