Gurudumu katika Nembo

Baadhi ya vijiji vya Rheingau na Eichsfeld, Ujerumani, vina gurudumu jeupe katika nembo zao. Ni alama ya Askofu Mkuu wa Mainz, aliyevitawala zamani. Husimuliwa kwamba Willigis, askofu mkuu kuanzia 975 hadi 1011, alikuwa mtoto wa fundi wa magurudumu. Waliomdharau walimchorea magurudumu ukutani. Naye akalifanya gurudumu alama yake, asisahau alikotoka. Tunaipenda hadithi hiyo, ingawa nembo zilianza Ulaya karne ya 12, Willigis akiwa amekwisha kufa. Tena alama ya mtoto wa fundi iligeuka alama ya bwana: mwaka 1525 wakulima wa Rheingau waliuasi utawala huo. Ulikoma 1803. Gurudumu wanavijiji wamelibakiza.