Pima Transfoma Kabla ya Kuitupa

(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Redio ya umeme ikinyamaza, wengi husema, "Ah, transfoma imeungua," wakanunua nyingine. Tuipime kwanza. Na si kwa ajili ya fedha tu: transfoma mbovu huweza kuua mtu.

Transfoma ya redio ni koili mbili za waya kwenye chuma kimoja. Koili ya kwanza hupokea umeme wa nyumbani, volti 230. Ya pili hutoa umeme mdogo. Koili hizo hazigusani. Umeme huvuka kwa nguvu ya sumaku. Michael Faraday aligundua jambo hili huko London mwaka 1831.

Tafuta mawe matatu ya tochi, taa ndogo nyekundu ya LED, na rezista ya omu 470. Rezista hiyo ina mistari ya manjano, zambarau na kahawia. Huenda ukaipata katika redio kuukuu. Panga mawe yafuatane, chanya ya moja iguse hasi ya lingine. Kwenye chanya ya mwisho unga rezista, kisha mguu mrefu wa taa. Mguu mfupi uunge na waya wa kupimia. Waya wa pili utoke kwenye hasi ya mawe. Gusanisha nyaya hizo mbili. Taa haiwaki? Pengine umegeuza miguu yake.

Kwa nini tusitumie balbu ya tochi? Balbu hutaka umeme mwingi. Koili ya waya mwembamba hupitisha kidogo, balbu haiwaki, nawe unasema imekatika, kumbe nzima!

Sasa pima. Chomoa redio, fungua nyaya za transfoma, kwangua ncha zake. Gusa ncha mbili za koili moja. Taa ikiwaka, hata kwa mwanga hafifu, waya haukukatika. Ila ncha usizishike kwa vidole vitupu, maana koili hurusha shoti unapoachanisha.

Kisha gusa koili ya kwanza na ya pili. Halafu kila koili na chuma. Hapa taa isiwake kamwe! Ikiwaka, volti 230 zaweza kufika kwenye redio unayoishika. Transfoma hiyo itupe. Isipowaka ni dalili njema, ingawa mawe matatu ni volti 4.5 tu.

Nyaya zilizogusana ndani ya koili moja chombo hiki hakizioni. Taa itawaka kama kawaida. Transfoma ya namna hiyo huweza kupata moto hata redio ikiwa imezimwa. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa, mpelekee fundi.