Dawa za Baridi Yabisi

Ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa, leo twataka kusema nanyi habari za baridi yabisi, ugonjwa uvimbishao viungo vya mikono yote miwili, hata mtu asiweze kukunja vidole kwa saa nzima baada ya kuamka. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Asili yake si baridi ya vilima vyetu, wala si uchawi: ni askari wa mwili kuasi na kuvishambulia viungo vya mwili uleule.

Mchuma kahawa akiumwa hivyo hununua dukani diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza uvimbe na maumivu, lakini haziuzuii ugonjwa usile mifupa. Tena, zikimezwa siku nyingi, huweza kutia vidonda tumboni na kudhuru figo. Basi zimezwe baada ya chakula, kwa siku alizosema daktari, wala zisimezwe mbili pamoja. Choo kikiwa cheusi kama lami, ziacheni, mwende hospitali upesi.

Dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe ni nyingine, kama methotreksati. Hiyo huandikwa na daktari, humezwa mara moja tu kwa juma, na damu hupimwa. Mwenye mimba asiimeze kabisa.

Kwa hiyo viungo vikivimba majuma sita, msingoje. Nendeni Nyakahanga au Isingiro. Ikihitajiwa, daktari atawapeleka Bukoba, au Bugando, Mwanza. Kidole kilichokwisha kupinda hakinyooshwi na kidonge.