Kadi ya Bima na Mpaka wa Mto Mpiji

Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya wavuvi, wakulima wa mwani, mama lishe na bodaboda, Bagamoyo

Abiria wa daladala atokaye Bunju kwenda Bagamoyo huvuka Mto Mpiji akisinzia. Kwa mwenye kadi ya bima ya afya, hapo si mahali pa kusinzia. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF mpya, ulipoenezwa nchini kuanzia 2018, kaya ya watu sita mkoani Pwani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ng'ambo ya pili, mkoani Dar es Salaam, kaya ya ukubwa huohuo iliwekewa 150,000.

Unafuu huo ulikuwa na ngazi zake. Mgonjwa wa CHF alianzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Sasa mtazame mama wa Mapinga anayepeleka samaki Tegeta kila alfajiri. Hospitali za Kinondoni ziko kwenye njia yake ya kila siku. Tumbi ni safari ya kupangiwa nauli. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa mwandikishaji lisiwe bei. Liwe hili: nikiugua nikiwa sokoni Dar es Salaam, kadi hii itapokelewa wapi?

Bagamoyo ilizoea zamani kutegemea mfuko wa tajiri. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyeupatia mji huu jengo la shule mwishoni mwa karne ya 19, ndiye pia aliyetoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka aliofariki. Ukoo wa Muhimbili unaanzia hapo, na jina la Sewahaji bado limo wodini. Baada ya uhuru zamu ikawa ya Serikali. Hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku mwaka 1977, zikaruhusiwa tena 1991, na mwaka 1993 mwananchi akaanza kuchangia gharama hospitalini. CHF ilijaribiwa Igunga, Tabora, mwaka 1996, ikapata sheria yake 2001. Msingi wake ulikuwa mzuri: kila shilingi ya mwanachama, Serikali iweke nyingine. Waliuita tele kwa tele.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulizaliwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, kwanza kwa watumishi wa umma. Mwalimu wa Dunda hajui hata siku anayolipa: asilimia 3 hukatwa kwenye mshahara, mwajiri huongeza 3, na yeye pamoja na wategemezi wake, jumla watu sita, wanatibiwa. Mvuvi wa Kaole hana wa kumkata wala wa kumwongezea. Kwa watu kama yeye NHIF ilileta Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya mwishoni mwa 2019, lakini bei zilipanda kwa umri na ukubwa wa familia, na ilibidi azitafute mfukoni mwake mwenyewe.

Kisa kinachostahili kukaliwa kitako ni cha Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400, mtoto akatibiwa mwaka mzima hadi hospitali kubwa. Wazazi waliipenda, na walikuwa na haki. Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa. Watoto wakaelekezwa kujiunga kupitia shule au vifurushi vya familia. Malalamiko yalijaa nchi nzima.

Maelezo ya Mfuko yalikuwa kwamba malipo kwa hospitali yalizidi mno michango. Sababu si siri. Wengi walikata kadi pale mtoto alipokwisha kuugua, mara nyingine maradhi mazito ya moyo au figo, huku wenye watoto wazima wakibaki nyumbani wakisema “tutaona”. Mfuko ambao kila anayeingia amekuja kuchukua hauwezi kudumu, na hakuna kikundi cha upatu ambacho hakijui hilo: anayejiunga wiki ya kupokea na kutoweka wiki ya kutoa humaliza kikundi. Hata hivyo lawama isimwangukie mzazi peke yake. Aliyeruhusu watu waingie siku wanapotaka alijua nini kitatokea.

Ndiyo maana vifurushi vingi vya hiari huweka muda wa kusubiri kati ya siku ya kulipa na siku ya kuanza kutibiwa, na muda huo huwa mrefu zaidi kwa uzazi na upasuaji. Mjamzito wa miezi saba anayekwenda kukata bima kwa ajili ya kujifungua amechelewa. Na kwa ndugu zetu wa bodaboda, neno moja: ile stika ya bima ya pikipiki hulipia madhara unayomsababishia mwingine. Mguu wako mwenyewe ukivunjika, stika hiyo haikuhusu.

Halafu kuna hospitali zenyewe. Tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha bei za NHIF kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake. Watu waliokuwa na kadi hai mkononi waligeuzwa mapokezini. Kadi husimama juu ya mkataba kati ya mfuko na hospitali, na kabla ya kwenda ni vyema kupiga simu hospitali, au walau kumuuliza aliyetibiwa juzi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inataka kila mkazi awe na bima. Mswada ulipoletwa mara ya kwanza mwaka 2022, kiwango kilichotajwa cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita kiliwashtua wengi, na mswada ukarudishwa nyuma. Sheria yenyewe imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, vikiwemo ushuru wa soda, pombe na vipodozi, pamoja na michezo ya kubahatisha.

Hata bei ikiwa ya haki, kuna jambo la tarehe. Mwani wa Mlingotini huvunwa maji ya bamvua yanapokauka. Kusi likichachamaa mashua hulala ufukweni. Pesa ya pwani huja kwa maji na pepo, bima hudai donge la mwaka kwa mkupuo. Kenya imeligonga jiwe hilohilo. Bima yao mpya, SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, humkata mwajiriwa asilimia 2.75 kila mwezi lakini asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa mwaka mzima mbele, hata ikabidi mwaka 2025 waanzishe mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole. Bagamoyo haihitaji kuanzia kwenye mkopo. VICOBA vingi tayari vina mfuko wa jamii unaochangiwa kila wiki kwa misiba na maradhi. Kikundi kinaweza kutenga sehemu ya fungu hilo, kikalipia kaya za wanachama kwa pamoja wakati wa msimu mzuri, wote wakiwa wazima.

Maandalizi yaanze na karatasi. Jina ndilo hukwamisha wengi: Mwanahamisi kwenye kitambulisho cha NIDA, Mwanakhamis kwenye cheti cha ndoa, na mtoto hana cheti cha kuzaliwa kabisa. Marekebisho ya NIDA na vyeti vya RITA huchukua muda, wakati afisa mwandikishaji hupiga picha na kujaza taarifa kwa dakika chache tu. Katika kaya ya bibi, watoto wanne na wajukuu wa dada, wa kuhesabiwa ni sita. Nani aingie na nani alipiwe kadi ya pili ni mazungumzo ya kumalizwa nyumbani, kabla afisa hajabisha hodi.