MANENO YA UONGOZI KWENYE MKUTANO WA TAWI, NKOLOLO: TUULIZE KABLA YA KULAUMU



Haya ndiyo maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wetu wa Jumamosi. Tunayatuma hapa ili na wale waliokuwa kwenye palizi ya pamba wayapate.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka jana tulizunguka vitongoji na kipaza sauti, tukiwahimiza kinamama wajawazito waanze kliniki kabla ya wiki ya 12. Waliojitokeza walikuwa wachache. Tukakaa kikao, tukasema kinamama wetu ni wazembe, tukafunga ajenda. Hakuna kati yetu aliyemuuliza hata mama mmoja kwa nini hakwenda.

Majirani zetu waliuliza. Mkoani Mwanza, kwa Wasukuma kama sisi, Serikali ilipeleka huduma ya tohara vijijini ili kupunguza maambukizi ya VVU. Majaribio ya Kenya, Uganda na Afrika Kusini yalikuwa yameonyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa karibu asilimia 60. Hata hivyo, wanaume wengi hawakwenda. Watafiti wakakaa na wananchi, wakawasikiliza. Wakasikia jambo ambalo maabara isingewaonyesha: Wakristo wengi waliona tohara ni mambo ya Waislamu, na walitaka kusikia kanisa linasemaje.

Basi mwaka 2014 na 2015 wakafanya jaribio katika vijiji 16. Vyote vilipata huduma ile ile ya tohara. Katika vijiji 8, viongozi wa makanisa walipewa kwanza semina ya siku moja, upande wa afya na upande wa dini, kisha wakaachiwa wazungumze na waumini wao. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Penye semina, wanaume waliotahiriwa walikuwa asilimia 52.8. Pasipo na semina, asilimia 29.5.

Ndugu zetu, hiyo ndiyo sayansi ya jamii. Kazi yake ni kujua watu wanafikiri nini, wanaogopa nini na wanamwamini nani, kisha kujaribu na kuhesabu. Kilombero nako watafiti waligundua kuwa wazazi wengi hawakuhesabu degedege kuwa ni malaria. Waliona ni mambo ya shetani, wakamkimbiza mtoto kwa mganga wa jadi. Mzazi wa namna hiyo ukimbandikia bango la "wahi hospitali ukiona malaria", bado hujamwambia kitu, kwa sababu kwake ile siyo malaria.

Mwezi huu tuliwaomba kinamama wanne wa tawi wawaulize wenzao kimyakimya. Majibu yametuaibisha. Wapo waliosema mimba changa haitangazwi, na kuonekana kliniki mapema ni kujitangaza. Wapo ambao waume zao wako mbali na ng'ombe, nao wamesikia kuwa ukienda bila mume unarudishwa. Huo siyo uzembe. Kwa hiyo tunawaomba radhi kinamama wote.

Mkutano umeazimia hivi:

1. Neno "wazembe" lisisikike tena kwenye vikao vyetu.

2. Kila kitongoji kitoe kinamama wawili wa kupita kuuliza. Wanawake waulizwe na wanawake, na majina yasiandikwe.

3. Majibu tuyapeleke kwa mganga mfawidhi na kwa serikali ya kijiji, tukiomba itangazwe wazi kwamba mama akija peke yake anapokelewa.

4. Baada ya miezi mitatu tuulize zahanati idadi ya walioanza kliniki mapema, tulinganishe na sasa. Kama haijapanda, tutarudi kuuliza upya.

Nyumba chache tulizofika hazitoshi kusema tunajua yote. Ndiyo maana tunaomba kila mwanachama ashiriki, na kinababa mlioko malishoni mpige simu nyumbani na kusema: "Nenda tu, usinisubiri." Neno hilo moja linaweza kufanya kazi kuliko kipaza sauti chetu cha mwaka jana.



Uongozi wa Tawi, Nkololo