Likizo ya mkulima ni lini?



Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, bibi mmoja jirani yangu hapa Endamarariek aliniuliza: "Mwanangu, hivi hawa wazungu huko Ngorongoro wanakwenda kuangalia nini?" Bibi huyu amezaliwa hapa, ameolewa hapa na sasa ana vitukuu. Kila asubuhi huiona ile milima yenye msitu na mawingu. Bonde lililo nyuma yake hajaliona hata siku moja.

Nilianza kumweleza habari za faru na simba, kisha nikanyamaza. Mimi mwenyewe nimeshuka kreta mara moja tu, tena kwa kupewa lifti.

Husemwa kwamba Mtanzania hapendi kutalii. Siamini. Kiingilio chetu hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Kizuizi si lango la Lodoare. Kizuizi ni gari. Chini ya kreta ni kama mita 600 kutoka ukingoni, na hushuki huko ila kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kulikodi kwa siku moja ni kumaliza fedha za magunia kadhaa ya mahindi. Basi nafuu ya kiingilio humfaa zaidi mwenye gari, yaani yule asiyeihitaji sana.

Mwaka 1936, serikali ya Léon Blum nchini Ufaransa iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Ikatambua kwamba likizo bila nauli ni kukaa nyumbani. Mwaka huohuo ikaanzisha tiketi ya treni ya bei nafuu, na wengi wakaiona bahari kwa mara ya kwanza.

Jambo hili si geni kwetu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, na mtumishi wa umma anaijua nauli ya likizo. Lakini mkulima hana mwajiri. Nani atamlipia nauli?

Naona Halmashauri ya Wilaya ya Karatu na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro wangekaa pamoja. Yatafutwe magari machache yanayoweza kushuka, yazunguke kata kwa kata baada ya mavuno, kwa nauli nafuu. Waanze wazee na watoto wa darasa la saba.

Wako watakaosema: tuna shida ya maji na madawati, wewe unatuletea habari za matembezi? Nawajibu kwamba maji hayohayo yanatokana na msitu ule. Tunaambiwa tuulinde, na wenzetu wanaopakana nao wanakesha wakifukuza tembo mashambani. Mtu hulinda kwa moyo kitu anachokijua. Asichokijua hukilinda kwa kuogopa askari tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja kwa wingi, na mboga zetu wanakula hotelini. Lakini kupona si kuuza mboga peke yake. Yule bibi bado anangoja jibu la swali lake, na miguu yake haitamngoja sana.